Jina la tovuti liandikwe kwa mwenye duka

Zamani mfanyabiashara wa mpakani alijulikana kwa kibao cha mlangoni na kwa neno la mteja mmoja kwa mwingine. Hayo bado yapo, na hakuna anayeyadharau. Lakini mnunuzi wa Kigali anayetakiwa kutuma pesa Kahama kwa mtu ambaye hajawahi kumwona, siku hizi hutoa simu kwanza akatafuta jina la duka. Akikuta ukurasa wenye picha ya mzigo, namba ya simu na mahali duka lilipo, anapiga. Asipokuta kitu, anampigia mwingine.

Kwa hiyo si ajabu kwamba kijana aliyejifunza kutengeneza tovuti, awe Namanga, Busia, Mutukula au Goma, hupata mteja wake wa kwanza karibu na nyumbani: shangazi mwenye duka la vitenge, jirani mwenye mashine ya kukoboa, mzee anayeuza vipuri vya pikipiki. Kazi ya kwanza haitoki kwa kampuni kubwa, inatoka kwa mtu aliyemjua kijana huyo tangu akiwa mdogo. Gazeti hili linalifurahia jambo hilo, kwa kuwa fedha inabaki mtaani na ujuzi unakua mtaani. Hata hivyo, lipo kosa moja linalofanyika siku ya kwanza kabisa, tena kwa nia njema, na gharama yake huonekana baada ya mwaka mmoja au miwili, wakati ambapo hakuna anayekumbuka lilianzia wapi.

Tuchukue mfano. Tuseme yupo mama wa Kahama anayenunua mpunga vijijini, anaukoboa, anaupanga kwa madaraja na kuusafirisha kwa barabara ya Nyakanazi: mzigo mmoja unavuka Rusumo kwenda Rwanda, mwingine unapita Kabanga kwenda Burundi. Kijana wa jirani, amemaliza chuo juzi tu, anamwendea dukani.

"Shikamoo mama. Nimeona biashara yako haipo mtandaoni. Naweza kukutengenezea tovuti."

"Marahaba mwanangu. Mimi mambo hayo siyajui. Kwangu unahitaji nini?"

"Usiwe na wasiwasi mama. Wewe nipe pesa na picha za mchele, mengine yote nitashughulikia mwenyewe."

Kosa limeshafanyika. Maneno hayo ni ya heshima na kijana hana ubaya wowote moyoni. Lakini ndani ya "mengine yote" mna jambo moja ambalo halikupaswa kuwa lake: kusajili jina la tovuti. Anakaa na kompyuta yake usiku, anajaza fomu ya msajili kwa jina lake, kwa barua pepe yake, kwa namba yake ya simu, kwa sababu ndiyo rahisi. Kesho yake tovuti ipo hewani. Mama anafurahi, na kwa furaha hiyo anachapisha anwani ile kwenye viroba vya kilo 25, kwenye kibao cha ghala na kwenye kadi anazogawa mpakani.

Mwaka unapita. Kijana amepata ajira Dodoma, amebadilisha laini, barua pepe ile ya chuoni haifungui tena. Msajili anatuma ukumbusho wa ada ya mwaka mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na zote zinaangukia kwenye sanduku lisilo na msomaji. Siku moja tovuti haifunguki. Mama anadhani ni mtandao. Wiki inapita. Mteja wa Kigali anapiga simu kuuliza kama biashara imefungwa, na huyo ndiye aliyekuwa na hisani ya kupiga. Wale wasiopiga hatuwezi kuwahesabu. Mama akimwandikia msajili, anaulizwa swali moja tu: wewe ni nani? Kwenye daftari la msajili jina lake halipo. Viroba vinasema ni mali yake, majirani wanajua ni mali yake, risiti ya kijana inaonyesha alilipa yeye, lakini kumbukumbu za msajili zinasema vingine, na msajili hufuata kumbukumbu zake.

Hakuna aliyeiba hapo. Hakuna hata wa kumpeleka polisi.

Kwa wasomaji wetu ambao hawajawahi kuwa na tovuti, tueleze kidogo mambo yalivyo, maana mafundi wengi huyachanganya yote katika bei moja na mteja anadhani amenunua kitu kimoja. Jina la tovuti ni kama jina la biashara ulilosajili: halinunuliwi moja kwa moja, hulipiwa kwa mwaka au miaka kadhaa, na anayetambuliwa ni yule aliyeandikwa kwenye daftari. Kisha kuna mahali tovuti inapokaa, kwenye seva ya kampuni fulani, na hapo unalipa kodi kama unavyolipa kodi ya fremu. Mwisho kuna kurasa zenyewe, yaani rafu, rangi na bidhaa zilizopangwa. Rafu mbovu unaweza kuzing'oa ukaweka nyingine. Fremu ukifukuzwa unahamia jirani, na ukiwa na nakala ya tovuti yako kwenye flashi, kazi ya kuhama haizidi siku moja. Jina likipotea, wateja wote wenye kiroba chako nyumbani wanaelekea kwenye mlango ambao si wako tena.

Na kuna baya zaidi ambalo mafundi wachanga mara nyingi hawalifikirii. Ikiwa barua pepe za biashara zinatumia jina lile lile la tovuti, basi atakayelisajili jina hilo baada ya kuisha muda wake anaweza kuzipokea barua zote zinazotumwa kwako. Mteja wa Bujumbura anauliza bei, swali linamfikia mgeni. Huyo mgeni anaweza kujibu kwa jina lako, akatoa namba yake ya kupokelea pesa. Kwa anwani zinazoishia na .com kuna kipindi cha siku 30 cha kukomboa jina lililofutwa, na ukombozi huo kwa kawaida ni ghali kuliko ada ya mwaka. Kipindi hicho kikipita, jina linarudi sokoni na yeyote anaweza kulichukua. Anwani za nchi zetu, .tz na .ke, .ug na .rw, .bi na .cd, kila moja ina daftari lake na taratibu zake, lakini mtu ambaye hakuandikwa asitegemee kulindwa kirahisi.

Kwa maoni yetu dawa yake haihitaji sheria mpya wala semina. Inahitaji saa moja ya watu wawili kukaa meza moja kabla ya kazi kuanza. Kijana aje na kompyuta, mama awe na simu yake. Kwanza wafungue barua pepe mpya ya biashara kwenye simu ya mama, si ya kijana, si ya mtoto wa mama anayesoma Dar es Salaam. Kisha wasajili jina kwa jina la mama au la kampuni yake, kama lilivyo kwenye leseni, na mama alipe mwenyewe kwa mkono wake, hata kama kijana ndiye anayemwelekeza pa kubonyeza. Kijana anaweza kuandikwa kama mtu wa kushughulikia mambo ya kiufundi, nafasi hiyo ipo kwenye fomu nyingi. Neno la siri liandikwe kwenye daftari linalofungiwa pamoja na leseni na vyeti vya forodha. Tunajua wataalamu watanung'unika wakisikia neno la siri limeandikwa kwenye karatasi. Wanung'unike. Kwa mfanyabiashara wa kawaida, karatasi iliyofungiwa kabatini ni salama kuliko kumbukumbu ya kijana aliyehama mji.

Lipo jambo dogo hapa linalowahusu wafanyabiashara wa mpakani kuliko wengine wote. Wasajili na watoa barua pepe wengi hutuma namba ya uthibitisho kwa ujumbe wa simu kila unapoingia kutoka mahali pageni. Mama akivuka Rusumo, anatoa laini ya Tanzania na kuweka ya Rwanda ili apate bando la bei nafuu. Namba ya uthibitisho inatumwa kwenye laini iliyo ndani ya pochi. Anabaki nje ya mlango wa duka lake mwenyewe, akiwa Kigali, siku anayoihitaji zaidi. Fundi mwenye busara atamwekea programu ya simu inayotoa namba hizo bila kutegemea laini, na atamchapishia zile namba za akiba. Atakuwa amemwokoa na usumbufu ambao mwenye duka lisilovuka mpaka hawezi hata kuufikiria.

Sasa tusikilize upande wa pili, kwa sababu vijana wana malalamiko, na malalamiko yao ni ya kweli.

Wanasema: tukimwachia mteja kila kitu, hatulipwi. Kijana anajenga tovuti kwa wiki tatu, anaiweka hewani, mteja anaisifu mbele ya wageni, kisha kila anapoulizwa salio anasema mzigo umekwama mpakani, subiri mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi unakuwa mwisho wa msimu. Mfanyabiashara ambaye hawezi kumwambia dereva wa lori "subiri msimu ujao" anamwambia hivyo fundi wa tovuti, kwa sababu fundi ni mtoto wa jirani na hatapiga kelele. Baadhi ya mafundi wanashikilia jina la tovuti kwa sababu ndicho kitu pekee walicho nacho cha kumshikia mteja. Tunaandika kwa ajili ya wafanyabiashara, na kwa hiyo tunawaambia wazi: tabia hii ipo miongoni mwetu, na ni sehemu ya chanzo cha tatizo.

Lakini tazama fundi cherehani anavyofanya. Nguo aliyoishona anaishikilia mpaka alipwe, na hakuna anayemlaumu. Hashikilii kitambulisho cha mteja. Fundi wa tovuti naye ana haki ya kushikilia kazi yake, yaani kurasa alizozijenga, mpaka apate haki yake. Anaweza kuzijenga kwenye anwani ya muda, mteja akaziona kwenye simu yake, akazikagua, na zikahamishiwa kwenye jina rasmi siku salio linapolipwa. Jina lenyewe halikuwa kazi yake hata siku moja. Ni kitambulisho cha duka.

Ili hilo liwezekane, malipo yagawanywe. Sehemu ilipwe kabla ya kazi kuanza, sehemu pale mteja anapoziona kurasa zikiwa na picha na bei zake, na iliyobaki siku ya kuiweka tovuti hewani. Ada ya jina na kodi ya seva zisiingizwe kwenye ujira, zisimame peke yake zikiwa na tarehe ya kulipiwa tena, ili mwaka wa pili mama asishangae anadaiwa nini wakati "tovuti alishalipia". Na yote yaandikwe. Karatasi moja inatosha: kurasa ngapi, nani analeta picha, marekebisho mangapi ni ya bure kabla ya kuanza kuhesabiwa, nani atabadilisha bei za mchele baada ya mavuno na kwa malipo gani. Hilo la mwisho ndilo linalovunja undugu. Mteja anadhani fundi ataendelea kubadilisha bei kila wiki maisha yake yote, fundi anadhani kazi iliisha siku ile ya soda na picha ya pamoja.

Kijana anayeanza pia asione aibu kutoza ujira wa haki, ila autoze kwa kitu cha kweli. Programu ya WordPress, inayotumika kujenga tovuti nyingi za aina hii, ni ya bure. Kile kialama cha kufuli kinachoonyesha kwamba mawasiliano yamefungwa kinapatikana bure kupitia Let's Encrypt, na kampuni nyingi za seva hukiweka zenyewe. Fundi anayemwandikia mama bei ya "programu" na bei ya "kufuli" anauza kilichotolewa bure, na siku mama akijua, hatamwamini tena hata kwa kazi aliyoifanya vizuri. Mama anapaswa kulipia mikono, muda na akili ya kijana. Hivyo vina thamani ya kutosha.

Tukija kwenye kurasa zenyewe, hapa ndipo fundi mchanga anapopoteza muda mwingi mahali pasipo na faida. Anatafuta kiolezo kizuri, anaweka picha ya Wazungu wanaopeana mikono mezani, anaandika kwa Kiingereza kwamba hii ni kampuni inayoongoza kwa ubora. Mnunuzi wa Kigali akiisoma hajajua lolote. Hajajua kama mchele upo. Hajajua kiroba ni kilo ngapi.

Fundi aanze kwa kukaa dukani siku moja na kuandika maswali ambayo wateja huuliza kwa simu. Atayakuta ni yale yale. Mchele ni wa daraja gani, na umevunjika kiasi gani? Kiroba ni kilo 25 au 50? Bei ni ya kuchukulia mashineni au ya kufikishiwa Rusumo? Bei hiyo ni ya shilingi, ya faranga au ya dola, na ni ya tarehe gani? Nani anashughulikia forodha, na cheti cha afya ya mimea kipo? Kwa mzigo mdogo, muuzaji anajua utaratibu wa Jumuiya wa biashara iliyorahisishwa, unaoruhusu bidhaa zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa, zenye thamani isiyozidi dola 2,000, kuvuka kwa cheti chepesi cha asili ya bidhaa? Ukurasa unaojibu maswali haya kwa Kiswahili cha kawaida una thamani kuliko kurasa kumi zenye picha zinazozunguka. Bei zikiwa zinabadilika mno, ni afadhali kuandika "piga kwa bei ya leo" kuliko kuacha bei ya mwaka jana ikae pale ikigombanisha watu.

Kuhusu lugha tuongeze neno, kwa sababu gazeti hili linatoka kwa Kiswahili kwa makusudi. Mfanyabiashara anayevuka mipaka yetu huwa tayari anazungumza na wenzake kwa Kiswahili: sokoni Goma, stendi ya Bujumbura, maghala ya Kigali. Kwa nini tovuti yake izungumze lugha asiyoitumia kuuzia hata kiroba kimoja? Mistari michache ya Kinyarwanda au ya Kifaransa chini ya ukurasa itakuwa adabu nzuri kwa mgeni. Lakini msingi uwe ile lugha ambayo mama anaweza kuisoma mwenyewe na kusema, hapa umekosea mwanangu, huo si mchele wangu.

Namba ya simu iandikwe yote, ikianza na +255, +254, +256, +250, +257 au +243, bila ile sifuri ya mwanzo. Ni jambo dogo, lakini mtu aliye ng'ambo akibonyeza namba inayoanza na sifuri, simu yake inaitafuta ndani ya nchi yake. Kiungo cha WhatsApp nacho hakifanyi kazi bila namba ya nchi. Saa za kufungua zisemwe ni za wapi: saa mbili asubuhi ya Kahama ni saa moja asubuhi ya Kigali, Bujumbura na Goma. Wapo waliogombana na dereva kwa tofauti hiyo ya saa moja.

Picha ziwe za mzigo wenyewe, zimepigwa mchana nje ya ghala, na zipunguzwe uzito. Picha moja iliyotoka moja kwa moja kwenye simu inaweza kuwa na megabaiti nne, na fundi asiyejali anaweka kumi za namna hiyo kwenye ukurasa mmoja. Yeye amekaa kwenye intaneti ya ofisini, haoni tatizo. Mteja amekaa kwenye foleni ya malori na bando la siku moja. Mwezi Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu, intaneti ilizorota katika nchi zetu kadhaa kwa wakati mmoja. Siku kama hizo ukurasa mwepesi unafunguka polepole, ukurasa mzito haufunguki kabisa. Ijaribiwe kwa simu ya bei ya chini, si kwa kompyuta ya fundi.

Kikapu cha kununulia mtandaoni tunashauri kisiwekwe mwanzoni. Kinapendeza, kinaongeza bei ya kazi, na kwa mchele wa viroba mia mbili hakuna atakayekitumia. Mteja wa kwanza anataka kusikia sauti. Kitu cha maana zaidi ni kumlinda na matapeli: namba ile ile iliyo kwenye tovuti iwepo kwenye kiroba na kwenye kibao, na ukurasa useme wazi kwamba duka halipokei pesa kwa namba nyingine yoyote. Mtu anaweza kunakili kurasa zako kwa nusu saa akabadilisha namba ya kulipia. Hawezi kubadilisha viroba vilivyoko Kigali.

Kama tovuti ina fomu ya kujaza jina na simu ya mteja, mama ajue kwamba ameanza kutunza taarifa za watu, na kwamba nchi zetu kadhaa zina sheria juu ya hilo: Kenya na Uganda tangu 2019, Rwanda tangu 2021, Tanzania iliyotunga yake mwaka 2022. Fundi asimwekee mteja fomu inayouliza tarehe ya kuzaliwa ya mtu anayetaka mchele. Kisichohitajika kisiulizwe.

Kwa upande wa serikali na Jumuiya yetu, tunalo ombi. Katika vituo vya huduma kwa pamoja mpakani mfanyabiashara mdogo hupewa maelekezo ya forodha na vyeti. Hapo hapo paongezwe karatasi ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, inayoeleza jinsi ya kusajili jina la tovuti kwa jina lako mwenyewe. Madaftari ya majina ya nchi zetu yaangalie pia fomu zao kwa jicho la mama wa Kahama: ukumbusho wa ada uende kwa ujumbe wa simu kwa mwenye jina, si kwa barua pepe peke yake, na malipo kwa simu yapokelewe kutoka ng'ambo ya mpaka. Vyuo vinavyofundisha vijana kujenga tovuti vifundishe na siku ya kukabidhi. Kwa sasa mwanafunzi wengi wao anajifunza kufungua kazi, hajifunzi kuifunga.

Na kwa wale ambao tayari wana tovuti, tunashauri jambo hili lifanyike wiki hii, kabla ya mzigo ujao kuondoka. Tafuta anwani yako kwenye huduma ya WHOIS. Kwa majina mengi ya .com hutaonyeshwa mwenye jina, lakini utaona msajili ni nani na muda unaisha tarehe ngapi. Kisha mpigie kijana wako. Msalimie, muulize habari za Dodoma na za watoto, halafu mwombe muingie pamoja kwenye akaunti ya msajili ili barua pepe na jina vibadilishwe viwe vyako. Akiwa na neno la siri mkononi, mara nyingi ni kazi ya robo saa. Kama ulikuwa unadaiwa salio la miaka miwili iliyopita, litume kwanza, kisha ndipo upige.